Vile Tulipangia Waingereza Mlolongo

Hapana, si mimi nilianza hiyo maneno ya Waingereza. Mimi nilikuwa nauza uji. Lakini mlolongo, hapo sasa usinibane sana. Mlolongo ni mimi.

Uji yangu nilikuwa naweka nje ya geti ya shamba ya maua, huku upande wa Bahati. Saa sita ikifika wafanyakazi wanatoka na vikombe, wanakaa kwa zile mawe, siasa inaanza. Msichana wangu kitinda mimba alikuwa anafanya hapo ndani, anapima waridi na rula, ndefu huku, fupi huku, anafunga. Kontrakti ya miezi tatu, miezi tatu. Alikuwa amerudishwa kazini mara mbili. Ukirudishwa ya tatu unaandikwa kabisa. Majina ya wenye wameandikwa ingesomwa Ijumaa, pale getini, na mwenye kuandika ni supavaiza wao.

Sasa huyo supavaiza. Kijana wa watu, tumbo mbele, na kabla aseme kitu lazima avute suruali juu akohoe mara mbili. Hm-hm! "Sikizeni, nyinyi! Uingereza ni mwanaume. Mwanaume akichoka na boma ya watu anatoka, hangoji karatasi!"

Maana redio ilikuwa inasema kila siku ati Waingereza wanataka kutoka kwa ule muungano wa Ulaya, na hawajaelewana watatoka aje. Wengine huko wanataka watoke hivyo hivyo bila mkataba, wengine wanalia. Mimi sijasoma, lakini hiyo nilielewa mbio. Ni boma inavunjika na ng'ombe haijagawanywa.

Mwenye alikuwa anampinga ni mama mmoja wa chama cha wafanyakazi, mwembamba, anaongea kama mtu anaombea mgonjwa. "Ndugu yangu supavaiza... hayo maua... ni wao wananunua. Wakitoka bila kuelewana, yakifika kwa mlango yao yanalipishwa ushuru. Nani atanunua? Na hapa nani atafutwa? Ni wewe?"

"Hakuna mtu atafutwa! Mzungu bila maua ataoa na nini?"

Wiki mzima ni hivyo. Watu wakaacha kukaa pamoja. Wa "watoke" mawe ya huku, wa "wangoje" mawe ya huko. Wanawake wawili wenye walikuwa wanakula sahani moja wakanyimana chumvi. Jumatano mmoja karibu apasuliwe na kikombe juu ya Uingereza, na hajawahi kufika hata Mombasa.

Hapo ndio mdomo yangu ikanishinda. Nikasimama, nikavuta leso juu kama suruali, nikakohoa. Hm-hm! "Sikizeni, nyinyi! Pangeni mlolongo tumalize! Wa kutoka, nyuma yangu mimi mwanaume! Wa kungoja, nyuma ya huyu mama anaombea maua!"

Watu walicheka mpaka uji ikamwagika. Hata yeye supavaiza alicheka. Kumbe wamechukua ni ukweli. Yeye akasimama kwa nguzo ya geti, mama wa chama akasimama kwa jiko yangu, watu wakaanza kupanga, vile tunapanganga tukichagua mzee wa nyumba kumi. Waingereza wanapigiwa kura Bahati!

Msichana wangu alikuwa anatoka kuosha mikono. Akasimama katikati, akaniangalia. Laini ya supavaiza ilikuwa fupi, na yeye alikuwa anahesabu watu na macho, mmoja mmoja. Ningemwita tu, "Kuja unishikie sufuria," ingeisha hapo. Lakini watu walikuwa wananipigia kelele, "Mathe, rudia! Mathe, kohoa tena!" Na mimi nikarudia. Nikaweka na tumbo.

Akacheka, ile kicheko yake ya kufunika mdomo, na akicheka hivyo akaingia nyuma ya mama wa chama.

Supavaiza hakucheka ya pili.

"Mathe, umenichoma," msichana wangu aliniambia jioni.

"Ai! Mtu mzima atakasirikia laini ya Wazungu?"

"Hajakasirikia laini."

Ijumaa nilifunika uji yangu nikaenda kusimama karibu na geti. Supavaiza akatoka na karatasi. Hakukohoa. Alisoma jina, jina, jina, na karibu wote wa ile laini ndefu walisomwa. Akamaliza. Msichana wangu alikuwa amebaki na aproni ya kazi mkononi, anaikunja, anaikunjua.

Nikaenda mbele. Nilisikia ananivuta leso nyuma, nikaenda tu.

"Boss, samahani. Ni mdomo yangu, si yake. Huyu mtoto hana makosa."

"Si mimi, mathe. Oda imepunguka. Waingereza wanataka kutoka bila mkataba. Maua nani atanunua?"

"Lakini si wewe ulisema hakuna mtu atafutwa?"

Supavaiza akakunja karatasi, akaweka kwa mfuko ya shati, akavuta suruali juu pole pole, akiniangalia.

"Mathe, si wewe unajua kuniiga? Haya. Niige nikisoma jina yake."