Askari kwenye Moto wa Vyungu

Wakati wa Mjerumani nilikuwa mtoto mdogo. Kule kwetu mlimani Meru wanawake walifinyanga vyungu pamoja uwanjani kwa bibi yangu, na wote nawakumbuka kwa majina mpaka leo. Siku ya kuchoma, mwanamume hakusogea pale, maana akiutazama moto, vyungu vinapasuka.

Basi siku moja, moto umeshawaka, akatokea askari wa bomani na bunduki yake, amekuja kuchukua wanawake wakabebe mawe. Na kazi ya kiangazi kizima imo ndani ya moto ule!

“Simama hapo, mwanangu!” bibi akamwambia. “Geuka, utazame migomba.”

“Bibi, unajua mimi ni nani?”

“Wewe ni mwanamume. Geuka!”

Jamani, akageuka! Bunduki iliyokimbiza wazee wetu, leo inalinda migomba.

“Bibi, bado tu?”

“Bado. Una haraka ya nini?”

Wanawake wakacheka chinichini.

Moto ulipozimika, bibi akagonga chungu kimoja kimoja. Vyote vikalia vizuri, hakuna hata kimoja chenye ufa. Ndipo akamruhusu askari ageuke, nao wanawake wakamfuata kwenda kubeba mawe.