Spika Mbili za Sebuleni

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anaamini kwamba kitu kizuri lazima kiwe kizito. Ndivyo alivyonunua bafle, kama tunavyoziita huku Uvira spika zile kubwa za kusimama. Aliingia dukani Bujumbura, akazinyanyua moja moja kwa mikono miwili mbele ya muuzaji, na ile iliyomuumiza mgongo ndiyo aliyoichukua. Akaivusha mpaka, akaifunga kwa mipira nyuma ya pikipiki, akaileta kwetu Rugenge na kuisimamisha barazani kwa mama kama zawadi. Ilikuwa na kimo cha mtoto wa shule. Mbele ilikuwa na taa nyekundu, za kijani na za bluu, zilizozunguka hata wakati haipigi kitu. Nilimshukuru. Mtu akikuletea upuuzi kwa moyo mweupe, huna la kufanya ila kushukuru.

Wakati huo ulikuwa mwaka wa pili tangu magoti ya mama yamkatae. Alitoka kitandani hadi kwenye kiti cha barazani, akatoka kitini hadi kitandani, na safari hizo mbili ndizo zilizokuwa siku yake nzima. Huyu ni mwanamke aliyeongoza kwaya ya akina mama parokiani kwa zaidi ya miaka ishirini, na sasa hakuweza hata kufika kanisani. Kilichombakia kilikuwa ni nyimbo za kwaya hiyo, na alasiri ya kuzisikiliza. Nilijiapia kwamba alasiri hiyo nitamtengenezea vizuri, kwa sababu hakuwa na kingine.

Nyimbo zenyewe nilizirekodi mimi, na hapa nikiri mapema kwamba sikuwa namfikiria mama peke yake. Mimi ni fundi wa sauti redioni. Kwaya ya mama niliirekodi kwa maikrofoni mbili, katika chumba nilichotundika mablanketi kwenye kuta zote, na kila pikipiki ilipopita barabarani nikawarudisha mwanzo. Walinichukia kwa siku mbili. Lakini ukisikiliza vizuri, unamsikia kila mmoja akivuta pumzi kabla ya ubeti, na unajua nani amesimama kushoto na nani kulia. Sijafanya kazi nyingine inayoikaribia. Na lile sanduku la shemeji lilikuwa likiitafuna kila siku saa kumi. Besi ilivuma hadi vikombe vikatetemeka kabatini, na maneno hayakusikika kabisa.

Wasikilizaji nao walilingana na chombo. Umeme ukiwepo, mama akiliwasha tu, hazipiti dakika kumi wanawake watano au sita wa jirani wameingia uani na kazi zao, huyu na sombe, majani ya muhogo ya kuchambua, yule na maharagwe kwenye ungo. Walisikia kutoka mbali kwamba mama ameamka na amekaa, wakaja. Hakuna hata mmoja aliyesikiliza. Waliimba juu ya kwaya, tena kwa maneno yao wenyewe, kwa kuwa ya wimbo hayakusikika. Kuna wimbo mmoja wa Kifuliiru ambao ubeti wake wa pili waliutunga upya kabisa na hawakuona haya. Katikati ya Kyrie mmoja aliuliza ndagala za leo, dagaa wa ziwani, zikoje, mwingine akamjibu kwa kupiga kelele ili aishinde besi, wote wakacheka, na mama akacheka nao. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini, nasimama mlangoni mwa ua, nawaonea aibu watu wazima.

Basi nikaenda kutafuta spika za watu wanaosikiliza. Nilijua ninachotaka: mbili, ndogo, kila moja isizidi ukubwa wa debe la kilo tano za unga, na amplifaya ikiwa humo humo ndani ili mama asihangaike na masanduku matatu. Nyuma ziwe na matundu mekundu na meupe kwa ajili ya deki yake ya zamani, na tundu jembamba la waya wa simu. Ziwe na Bluetooth pia, kwa siku ambazo waya utapotea. Na kitufe cha sauti kiwe mbele. Sijui ni nani aliyewafundisha watengenezaji kuweka kitufe cha sauti nyuma, kana kwamba spika zote duniani hukaa katikati ya chumba na mtu anazizunguka.

Maduka ya sokoni nilimaliza matano. Kila muuzaji alinionyesha masanduku yenye taa. Kila mmoja aliniwashia wimbo uleule wa ngoma tupu, akaongeza hadi mwisho, akaniangalia usoni kuona kama nimeogopa. Nilipotoa simu yangu na kuomba nisikie sauti ya mtu anayesoma habari, kwa sababu sauti ya mtu akiongea ndiyo inayoumbua spika mbaya upesi kuliko kitu chochote, wa tatu aliniuliza kama ninanunua spika au ninanunua mwalimu. Wateja waliokuwepo wakafurahi sana. Nikawaacha wafurahi, maana mmoja wao alikuwa amekumbatia bafle kifuani akilipima uzito.

Katika duka la tano nikaziona. Au niseme niliiona, kwa sababu juu ya rafu ilikuwepo moja tu, nyeusi, safi, kitufe mbele, matundu yote nyuma kama nilivyoyaota. Nikauliza mwenzake yuko wapi. Muuzaji, mtu mzima mwenye kitambi na kalamu sikioni, alisema hazina mwenzake, zinauzwa moja moja.

Nikamwambia afungue chumba cha nyuma. Hakutaka, akataka, akafungua. Chini ya maboksi ya pasi nikakuta nyingine tisa, zimepangwa ukutani na vumbi juu.

"Hizo zilikufa," alisema. "Zilitoka ku kiwanda vile. Haziko hata na fili ya kura."

Hazikuwa na waya wa umeme kwa sababu hazihitaji. Spika za namna hiyo huja pacha: moja ina amplifaya ndani na inachomekwa ukutani, nyingine inapokea kila kitu kwa waya mwembamba kutoka kwa mwenzake. Mtu huyu alikuwa amefungua maboksi yote, akawatenganisha pacha, akauza zenye waya moja moja, na zile nyingine akazifungia gizani kama wagonjwa. Kuna nyumba nane katika mji huu ambazo hadi leo zinasikia upande wa kulia tu wa kila wimbo. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa subira ya mtu anayeongea na kichaa, akaniambia kama napenda ile iliyokufa nichukue tu. Nikachukua zote mbili, nikaziunganisha palepale juu ya kaunta, na msoma habari akasimama katikati ya spika mbili, mahali ambapo hapakuwa na kitu, akaongea. Muuzaji aliangalia nyuma ya kaunta, akimtafuta anayeongea. Nikalipa. Nilitoka dukani nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote barabarani.

Nyumbani nilifanya kazi kama redioni. Barazani hapafai, sauti inapotea uani, kwa hiyo nilizipanga sebuleni juu ya kabati, kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyekaa. Nikapima kwa kamba umbali wa spika hadi spika, nikapima umbali uleule hadi pale kiti kitakapokaa. Kisha nikamwingiza mama ndani pamoja na kiti chake. Nikafunga dirisha kwa sababu ya pikipiki. Aliniuliza kama ni lazima kufunga, nikamwambia ni lazima.

Alisikiliza wimbo wa kwanza bila kusogea. Kwenye wa pili alianza kutaja watu, yule aliyesimama kushoto, yule mwenye kikohozi, yule aliyefariki, kila mmoja kwa pumzi yake. Machozi yalimtoka. Nilikaa nyuma yake na mimi yalinitoka, na sitasema uongo, nilifikiri juu ya shemeji na mgongo wake na nikaona raha.

Bafle nilimpa mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, muuza ndagala, mmoja wa wale waimbaji wa saa kumi, na flashi ya nyimbo za kwaya ikiwa bado imechomekwa. Nilimwomba mama yangu ruhusa kwanza. Alisema nifanye ninavyoona.

Siku iliyofuata wanawake walikuja kama kawaida, ingawa kwa kuchelewa, maana hawakusikia kitu kutoka nje. Niliwakaribisha sebuleni. Walikaa kwenye makochi kwa mstari, ungo magotini, kama watu wanaongoja kuitwa ofisini. Hakuna aliyejua pa kutupa vijiti vya sombe. Wimbo ule wa Kifuliiru ulipofika kwenye ubeti wa pili, mmoja akaanza kuimba yale maneno yao ya kubuni, na wengine wakamfuata. Nilisimama. Niliongea kwa adabu, naikumbuka adabu yenyewe. Niliwaambia kwamba leo maneno ya kweli yanasikika, basi tunyamaze tuyasikie. Walinyamaza. Walisikiliza nyimbo tatu, mikono imetulia juu ya maharagwe, wakamshukuru mama, wakaenda zao. Kesho yake walikuja wawili. Wiki iliyofuata hakuja mtu.

Mimi nilihesabu hilo kuwa ushindi. Nilisema nyumba imepata heshima. Nilirudi kutoka kazini nikakuta ua umefagiwa na umetulia, na mama ndani, mahali palepale nilipopapima kwa kamba, na kwaya yake mbele yake. Nilimuuliza kila siku kama anasikia vizuri. Kila siku alijibu kwamba anasikia vizuri sana.

Lakini alianza kusinzia. Nilimkuta saa kumi na moja kichwa kimeanguka begani na nyimbo zinaendelea. Siku nyingine nilikuta hakuziwasha kabisa. Chakula alikigusa tu. Mtu mwenye akili angemuuliza mama yake ana nini. Mimi niliziuliza spika. Nikapunguza besi kidogo, nikabadili waya wa simu, nikasogeza ile ya kushoto kwa upana wa vidole viwili, nikarudi kumtazama kama usingizi umepungua. Muuzaji mwenye kalamu sikioni aliwatenganisha pacha kwa kutojua. Mimi nilijua kila kitu kilichokuwa nyuma ya spika zile, na sikuona ua wangu mwenyewe umebaki mtupu.

Jumamosi moja sikwenda kazini, nikaamua kukaa naye. Nikaziwasha mwenyewe, kwa sauti ya kadiri, nikakaa kwenye kochi. Zilikuwa nzuri kupita kiasi. Wimbo wa tatu ulipoanza niliona mama amegeuza uso, haangalii spika, anaangalia dirisha nililolifunga.

"Papa," aliniita hivyo, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume, "zima kwanza hizo."

Nikamuuliza kama kuna kitu hakisikiki.

"Ziko muzuri. Zima tu. Nisikie bale bamama."

Nikazima, na nilipozima ndipo na mimi nikasikia. Kutoka nyumba ya tatu lile sanduku lilikuwa likivuma, besi tupu, wimbo uleule wa kwetu lakini umeharibika kiasi kwamba hata mimi niliyeurekodi nilihitaji muda kuutambua. Juu yake wanawake wote walikuwa wakiimba na kuulizana mambo na kucheka. Mama aliniambia nifungue dirisha. Nikafungua. Aliegemea mbele hadi nikaogopa ataanguka, na nikaelewa kwamba kila alasiri, nilipokuwa kazini, hivi ndivyo alivyokuwa akisikiliza.

Nilimwambia naenda kuwaita, sasa hivi, na bafle nitalirudisha barazani kesho.

"Utabaambia nini?" alisema, bila hasira yoyote. "Si weye ulibaambia banyamaze."

Hakungoja jibu. Alikuwa ameshashika sauti ya pili, polepole, akichelewa nusu ya neno kwa sababu sauti ilipita kwanza juu ya nyua mbili za watu ndipo ikamfikia. Mara kwa mara kule walicheka jambo, na yeye akatabasamu upande ule, ingawa hakujua ni jambo gani. Nilibaki nimesimama dirishani, nikiwa nimeshika pazia ili lisimzibie.