Vipande vya Alhamisi

Maabarani walimwita Bi Chokaa, naye aliitika bila kinyongo. Jina lilitokana na kazi yake. Mashine ya chumba cha pili ilichapa vipande vya plastiki vidogo kama donge la sukari, vyenye matundu mithili ya sega la nyuki. Hivyo vilikuwa viunzi vya kujazia pengo la mfupa uliovunjika vibaya, ili seli za mfupa zishike humo, zijenge, na plastiki yenyewe iishe taratibu. Tatizo, seli haziipendi plastiki tupu. Huteleza kama zimekanyaga sabuni. Ndiyo maana Bi Chokaa alivichovya kwanza kwenye maji ya kostiki, dawa kali inayokula plastiki, kwa nusu saa, uso wa vipande ukwaruzike, akavisuuza, kisha akavilaza siku kadhaa kwenye maji ya madini mpaka vikavaa ganda jembamba jeupe, linalofanana na madini ya mfupa wenyewe. Aliingia maabara hiyo akiosha vyupa, na mengi aliyoyajua aliyaokota kwa macho.

Alhamisi moja, vipande ndiyo kwanza vimeingia kwenye kostiki, dada yake akapiga simu.

"Baba ameteleza bafuni. Usishtuke, anaongea. Ila mguu hauinuki."

Akavua glavu, akabeba mkoba, akaondoka shoti. Hospitali walisema nyonga ina ufa mdogo, atalala wiki kadhaa. Mzee mwenyewe alikuwa akitania wauguzi. Bi Chokaa aliporudi kazini, vipande vilikuwa vimekaa kwenye kostiki masaa matano.

Vilistahili kutupwa. Lakini mashine ilivichapa kwa siku tatu, na aibu ilimshika. Akavisuuza, akaendelea. Kwenye daftari mkono uliandika kama ulivyozoea: nusu saa.

Baada ya wiki mbili Daktari, mtafiti kijana aliyeongoza kazi ile, alimwita kwenye hadubini.

"Njoo uone, mama."

Seli zilizopandwa kwenye vipande vya Alhamisi ile zilikuwa zimetanda kila upande kama zulia. Ganda, ambalo zamani lilibanduka ukiligusa, safari hii lilikwaruzwa kwa kisu na halikutoka. Daktari uso ulimng'aa. Alikuwa amehangaika mwaka mzima na mchanganyiko mpya wa maji ya madini, na vipande hivi ndivyo vya kwanza kulazwa humo. Akaanza kuandika ripoti siku hiyohiyo.

 Jumapili, Bi Chokaa akimbadilishia baba yake mto, yakamtoka yote.

"Atakufukuza?" mzee aliuliza.

"Sijui, baba."

"Na wewe unataka aandike uongo wako kwa jina lake?"

 Jumatatu asubuhi alilipeleka daftari mezani kwa Daktari na kulifungua kwenye ukurasa wa Alhamisi ile.

"Hapa nimeandika nusu saa. Vilikaa masaa matano. Nilikimbilia hospitali kwa baba, nikaona haya kusema."

Daktari alivua miwani. 

"Kwa hiyo huenda si maji yangu."

"Huenda. Au ni yote mawili."

"Ungeniambia siku ileile."

"Ndiyo. Nilikosea."

Akampa kalamu. Bi Chokaa alipiga mstari mmoja juu ya yale maneno, yakabaki yanasomeka, akaandika ukweli pembeni, na tarehe na sahihi.

Wakaanza upya: nusu saa, masaa mawili, masaa matano, maji ya zamani na maji mapya. Kazi ilichukua miezi miwili, na kwa muda mrefu Daktari hakusema naye ila ya kazi. Bi Chokaa alivumilia. Mwishowe mambo yakajionyesha. Kostiki ndiyo iliyolishikisha ganda. Maji mapya yaliongeza kidogo tu. Lakini vipande vya masaa matano, vilipobanwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, vilipondeka kama biskuti, maana kostiki ilikuwa imezikondesha nguzo nyembamba zilizoshikilia matundu yake. Vya masaa mawili vilishika ganda na bado vikabeba uzito.

"Tungepeleka vile vya kwanza," Daktari alisema akitazama vumbi jeupe, "vingekuja kuvunjikia ndani ya mtu."

Ripoti mpya iliandikwa polepole. Mwaka wa maji ya madini uliishia kuwa aya moja. Kabla ya kuituma, Daktari alimletea Bi Chokaa ukurasa wa kostiki, akavuta kiti, akakaa kando yake. Bi Chokaa alisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Hujataja joto la maji," alisema. "Yakiwa baridi, masaa mawili hayatoshi."

"Ni nyuzi ngapi?"

Akamwambia, na Daktari akaandika.