Sindano za Shemeji

Mwanamize wa Kiuyu alikuwa msusi wa mikeka, na uvimbe ulipomwota begani hata mkono haunyanyuki, hakuhangaika: shemeji yake Nassor si ndiye dresa wa zahanati, mfunga vidonda na mpasua majipu? Tena mke wa Nassor ni Siti, mdogo wake aliyemlea mwenyewe, naye akaja kumshika mkono. Utamwogopa nani hapo?

Nassor akampiga sindano ya ganzi. Alipogusa kwa kisu, Mwanamize akapiga ukelele. Akaongeza ya pili. Hata haijashika vyema, akashindilia ya tatu, maana bwana yule haraka zake kama anayekimbizwa.

"Shemeji, masikio yanalia. Ulimi mzito."

"Ah, woga huo!" Nassor akacheka.

Woga gani! Mara mwili mzima ukamtetema, macho yakageuka, pumzi ikakata. Nassor akatoka mbio kumwita daktari wa Chake Chake, aliyekuwapo siku hiyo kwa ukaguzi. Daktari akatia vidole shingoni, hamna kitu. Akamlaza sakafuni, akamkandamiza kifua kwa viganja viwili na kumpulizia pumzi mdomoni, mbavu zinalia kwa kuvunjika, mpaka moyo ukaanza tena.

Macho Mwanamize hakuweza kuyafumbua, lakini alisikia.

"Dawa hii ikizidi husimamisha moyo," daktari alisema. "Kapigwa sindano ngapi?"

"Moja tu," Nassor akajibu.

"Wewe bibi, ulikuwapo. Ngapi?"

Siti, mkono wa dada yake angali kaushika, akasema: "Moja, Daktari. Dada ana pepo tangu utotoni."

Pepo! Mwanamize hajapandwa na pepo hata siku moja. Alitaka kusema, ulimi haukumtii.

Neno likafika kijijini kabla yake. Mumewe, Msellem, akamwambia wazi: pepo asipopungwa, hawakai nyumba moja. Mwanamize akaapa, akalia, "Muulizeni tena Siti, anajua sina pepo!" Wakamjibu, "Siti ndiye aliyesema."

Siku ya kupungwa wakamfunika shuka, wakamfukiza ubani, ngoma zikapigwa na mbavu zingali zinamuuma. Siti mwenyewe ndiye aliyeinama kumwuliza pepo, kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Nani wewe? Sema jina lako!"

"Mimi dada yako, Siti. Mimi Mwanamize, niliyekulea."

"Muongo huyo," Siti akawaambia wapiga ngoma. "Zidisheni."