Pongo na Salamu ya Mama Mkwe

Mwaka ule misitu ya Kasulu ilikatwa kuni vibaya. Wengi waliwalaumu wakimbizi. Mimi nasema ni sisi sote, maana hata jiko langu halikuwaka kwa maneno matupu. Asubuhi moja pongo jike, mnyama wa jamii ya swala, akaingia mjini, akasimama katikati ya bustani niliyokuwa nikimwagilia maua kwa kibarua, tumbo lake zito kwa mimba.

Mwenzangu wa kazi alifunga geti kwa nje, akaenda mbio kumwita bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, aje na wavu. "Usitikisike," aliniambia. "Akishtuka ataparamia senyenge." Uzio wote ulikuwa wa senyenge. Nikabaki na ndoo yangu, pongo hatua kumi mbele, masikio yakicheza. Nilimtaka aishi, nilimtaka hasa.

Mara mama mkwe wangu akatokea barabarani, ametoka kijijini Rungwe Mpya na kikapu kichwani. Maua yalimficha yule mnyama, lakini mimi aliniona vizuri. Akasimama nje ya uzio, akatua kikapu, akangoja.

Kwetu Waha mdogo ndiye huanza. Unainama, unapiga makofi, unauliza habari za nyumbani bila haraka. Nilikuwa nimeolewa miezi minane tu, na nilikwisha kusikia alivyowasema wakamwana wa mjini. Nikamkonyeza. Nikamtolea macho. Yeye akajifunga kitenge vizuri, akaendelea kuningoja, uso umeanza kukunjamana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaweka ndoo chini.

"Mwakeye, mama," nikasema, nikapiga makofi.

Pongo aliruka mara moja tu. Senyenge ikamdaka tumboni, akaning'inia pale akilia, na kila alipopiga teke ikazidi kuzama. Nilimkimbilia, nikarudi nyuma, nikamkimbilia tena. Sikujua pa kushika. Bwana nyama alifika na wavu, akamtazama, akautupa wavu chini, akarudi kufuata bunduki. Tukamsikiliza pongo akilia muda wote huo.

Mama mkwe aliingia, akanishika mkono.

"Mbona hukunyamaza, mwanangu?"

"Niliogopa, mama. Ungesema sina adabu."

Akamtazama pongo, kisha akanitazama mimi.

"Nilikuona umesimama kama mtu mwenye shida," akasema. "Nilisimama nikungoje uniambie. Sikuja kudai salamu."