Anahesabu Mawe ya Mlima Ambao Hajawahi Kuukanyaga

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Nesta Simbeye anahesabu mawe. Yapo saba, yamepangwa juu ya paa la bati la choo cha wapagazi ili upepo usiling'oe. Choo chenyewe kiko katikati ya mlima mrefu huko kaskazini, safari ya siku mbili kwa basi. Mhesabuji amekaa Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, katika chumba kimoja, kitenge begani, kompyuta mapajani.

Leo anayaona matano. "Ukungu unapanda," anasema, huku akiandika: kambini ukungu mwepesi, upepo wa wastani, mvua hakuna.

Hii ni kazi yake mwaka wa tatu sasa. Kampuni ya kupandisha wageni mlimani, ambayo jina lake hatulitaji kwa kuwa shauri lake na Nesta halijaisha, imefunga kamera tatu ndani ya hifadhi ya taifa: langoni, kambini na karibu na kilele. Picha zinaingia mtandaoni moja kwa moja. Kabla ya saa moja Nesta huwa ameshawaarifu viongozi wa misafara kama hali inaruhusu kupanda. Analipwa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi. Mtu wa karibu na mlima, anasema, angetaka zaidi.

Mama Fides, jirani wa chumba cha pili, humwita "mama sinema", akidhani kutwa anatazama filamu. Nesta ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa kijijini Hasamba, kwenye mashamba ya kahawa. Mume wake alivuka kwenda Zambia miaka mitano iliyopita. Simu zikapungua, kisha zikakoma. Hawakujaliwa mtoto.

"Kuna mpagazi mmoja ana kofia nyekundu," anasema. "Kila akipita langoni namwamkia, 'Habari za asubuhi, kaka.' Hanisikii, najua. Lakini siku asipopita nashinda vibaya."

Jibu pekee lililokuwa likimrudia ni la Balthazar, kiongozi wa msafara, aliyejibu kila taarifa kwa maneno yale yale: "Nimepata, dada. Ubarikiwe." Tangu Jumanne iliyopita anasoma na kunyamaza.

Jumanne hiyo anga ya kambini ilikuwa safi, mawe yote saba yakihesabika. Ila juu ya jiwe la tatu alisimama kunguru, kainua bawa moja. Nesta akaenda kuinjika chai, akarudi. Bawa liko juu. Akanywa chai hadi machicha. Bawa bado liko juu. Kamera ilikuwa imeganda, na picha ile pengine ilikuwa ya jana yake.

Akaandika: "Kambini sioni. Picha imeganda. Sijui."

Balthazar akawazuia wageni kumi na mmoja langoni. Misafara ya kampuni nyingine ikapanda, na jua likawaka kutwa nzima. Wageni wanne wakavunja safari kwa hasira, wapagazi wakarudi makwao mikono mitupu. Ofisi ikamtaka Nesta aandike barua ya kuomba msamaha kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi, la sivyo mkataba wake umekwisha.

Leo ni Jumatatu.

Mama yake, Marita, amempigia mara mbili kutoka Hasamba kumsihi aandike tu, yaishe. Au anataka kurudi kuuza vocha mpakani, kwenye vumbi la malori? Nesta amemjibu kwamba vumbi analijua.

Ukaidi huu una chimbuko lake. Mwaka wake wa kwanza kazini, asubuhi moja ukungu uliifunika kamera. Jana yake kulikuwa kweupe, basi akakisia, akaandika "kweupe". Mvua ya barafu ikaukuta msafara njiani. Mpagazi mmoja, Emanueli, alishushwa kwa machela, akapoteza vidole viwili vya mguu.

"Nilimpigia akiwa hospitalini, nikamwomba msamaha huku nalia," anasema. "Akaniambia, 'Dada, ungesema tu hujui.'"

Akibaki kazini, anapanga mwakani apande basi hadi langoni, amsalimie mwenye kofia nyekundu akimtazama usoni. Akiondolewa, nenosiri litazimwa leo hii, na hatamwona tena.

Saa nne kasoro dakika kumi simu inaita. Ni Rosemary, msimamizi wake, na anaongea kwa upole. Mistari miwili tu inatosha, anasema. Akubali kwamba alikosea.

"Nesta mdogo wangu, nisaidie nikusaidie."

Nesta anatazama kioo cha kompyuta. Ukungu umeondoka, mawe yako saba. Langoni, kofia nyekundu inapita, inapotelea kwenye miti.

"Dada Rosemary," anasema, "nilipokisia nilimwomba Emanueli msamaha, na alistahili. Jumanne sikukisia. Sikuona, nikasema sioni. Siombi msamaha."