Upande wa Barabarani

Sokoni Uyole, ifikapo Januari, harufu ya mafyulisi hunifikia kabla sijayaona. Wanawake huyapanga kwenye ndoo, mekundu juu, mabichi chini, wakidhani sisi wazee hatuujui mchezo huo. Nikinunua huwa sisubiri kufika nyumbani. Nalipasua moja kwa vidole pale pale, nalinusa karibu na kokwa, penye wekundu, na mara moja narudi kwetu Nyololo. Nina miaka tisa, niko juu ya mti wa mama, na nimesema uongo.

Mti wenyewe ulikuwa mmoja tu, kati ya nyumba yetu na barabara kuu. Upande mmoja ulitazama malori yaendayo Mbeya, upande wa pili ulitazama jiko na choo. Mama aliuotesha kwa kokwa alilokuja nalo kutoka kwao Ubena alipoolewa. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chai, tulimwona mwisho wa mwezi, kwa hiyo mti ule, pamoja na mambo mengine yote ya pale, ulikuwa chini ya mama. Sheria yake ilikuwa moja: asiguse mtu tunda bichi. Niliwahi kuchuma matatu nikayala kwa chumvi. Mama akanichapa, halafu usiku tumbo nalo likanichapa kwa zamu yake.

Msinielewe vibaya, mama hakuwa mchoyo. Kila Januari alijaza tenga zima, akajitwisha, akalipeleka kanisani kuwa limbuko. Baada ya ibada vitu vilinadiwa nje, kuku, maharage, viazi, na tenga la mama ndilo lililogombewa. Alikuwa mgeni pale, Mbena kati ya Wahehe, na kabla mti haujazaa wanawake wa kanisani walimwita "yule wa Njombe". Walianza kumwita kwa jina lake baada ya tenga la kwanza. Najua hivyo kwa sababu alinisimulia mara nyingi, akitwanga, na mchi ulikuwa ukishuka kwa nguvu zaidi kila alipofika kwenye neno Njombe.

Basi mwezi wa kumi wa mwaka huo akaja bwana shamba, akiongozana na jumbe wetu. Alikuwa kijana wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, jina lake Ambwene, mwenye baiskeli na kofia ya pama iliyomzidi kichwa. Alikuwa ametumwa kutuonyesha mambo waliyoyajaribu wataalamu kwenye mashamba yao ya utafiti. Kihehe hakukijua, Kibena ndiyo kabisa, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha tenzi za kanisani. Mkalimani nikawa mimi, mwanafunzi wa darasa la pili.

"Kamwene, Mama Eda," alisalimia, Kihehe pekee alichokijua. "Matunda haya yamezidi nguvu ya mti. Tuyapunguze sasa yakiwa madogo. Pima shubiri, acha moja. Pima tena shubiri, acha moja. Yatakayobaki yatakuwa makubwa."

Mama aliutazama mti, akamtazama yeye, akasema kwa Kibena kwamba nimuulize ana watoto wangapi, na yeye atapunguza wangapi, na kama mama yake mzazi anajua alipo.

"Mama anasema atafikiri," nikamwambia.

"Mbona amesema maneno mengi hivyo?"

"Kwetu kufikiri kuna maneno mengi."

Alicheka mpaka kofia ikamfunika macho. Jumbe, aliyeelewa lugha zote mbili lakini aliona kutafsiri si kazi ya jumbe, alikohoa tu.

Siku zile mtu wa serikali hakukataliwa mbele ya jumbe. Aliitikiwa, kisha kila mtu akaenda kufanya alivyoona mwenyewe. Kesho yake mama alinipandisha mtini. "Toa upande wa barabarani tu," akasema. "Anapita na baiskeli, ataona huko huko. Upande wa jikoni usiguse hata moja. Tenga langu litatoka huko."

Jamani, raha niliyoipata. Lile lile nililochapiwa, sasa nilikuwa nalifanya kwa amri. Nilichuma kwa mikono miwili nikiimba, na mama alisimama chini akiwa ametandaza kaniki ili lisianguke hata moja ardhini. Hakuweza kuyatupa. Aliyachemsha kwa chumvi, tukayala siku tatu tukiwa tumekunja nyuso.

Bwana Ambwene alirudi wiki iliyofuata. Mama alikuwa ameshamwekea kigoda, akakielekeza upande wa barabarani. Alikaa, akanywa togwa, akatazama matawi yaliyopunguzwa vizuri, akaniuliza, "Eda, mmemaliza mti mzima?"

Mama alielewa swali. Alinitazama mara moja, akaendelea kuchambua mboga.

"Ndiyo," nikasema. Masikio yalinichoma. Alikuwa mtu mpole, aliwahi kunipa penseli.

Kisha akaomba aonyeshwe choo. Nilimpitisha mbio mbio, lakini njia ilikuwa moja, na matunda upande ule yalining'inia kwa vichala hadi usawa wa shingo. Ilibidi ainame. Pama lake liligonga tawi, kitunda kimoja kikaangukia ukingoni mwake. Alikitoa, akakitia mfukoni, akaendelea na safari yake ya choo. Niliona, nikajipa moyo kwamba mtu aliyebanwa haangalii miti. Aliporudi alisema maneno machache: "Mwambie mama ameanza vizuri. Mti auache hivyo hivyo. Asiuguse tena mpaka yaive."

Alipopotea na baiskeli yake, mama aliweka mboga chini. "Kusoma kasoma," alisema, "macho hana." Tulicheka mpaka nikaona machozi yake.

Mvua zikaja, na kicheko kikapungua kidogo kidogo. Kila asubuhi mama aliuzunguka mti. Upande wa barabarani alisimama muda mrefu, akilizungushia tunda vidole vyake, na siku moja vidole havikukutana. Upande wa jikoni yalikuwa mengi ajabu, yote yakilingana na kidole gumba changu. Halafu alasiri moja ya Januari, mvua ikinyesha, tulisikia mlio upande wa jikoni. Tawi kubwa la upande ule lilikuwa limeshindwa na mzigo wake. Lilikuwa limepasuka hadi shinani, na matunda yalikuwa yamejaa kwenye tope.

Mama alikaa kizingitini. "Tenga langu," alisema. Sikuwahi kumwona akilia kwa jambo la shamba, na nilimwonea huruma hadi nikasahau hofu ya uongo wangu.

Siku ya tatu bwana shamba akafika bila taarifa, na nyuma yake wakulima wa vijiji vya jirani, kama kumi hivi, waliokuja kuuona mti. Nilitaka kujificha ghalani. Mama alinishika mkono, akasimama kwenye tawi lililopasuka, mahali ambapo pande zote mbili zilionekana.

"Upande huu nilimtii," alisema, akiuonyesha wa barabarani. "Upande huu sikumtii. Na mtoto nilimfanya aseme uongo. Mwambie yote, Eda, usipunguze."

Nikatafsiri yote. Bwana Ambwene alivua pama lake. Mzee mmoja alichuma tunda la barabarani, akaling'ata, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko, akamwambia mama, "Hebu nionyeshe hiyo shubiri." Mama akainyoosha yake hewani, wote wakanyoosha zao.

Tenga lilijaa Jumapili ile, kwa matunda ya barabarani peke yake. Kwenye mnada watu waliuliza zaidi kuliko walivyonunua, na mama aliwajibu hadi jua likawa kali.

Miaka mingi baadaye nilikuwa bibi shamba, kwenye vilima vya Mbeya. Mzee mmoja alinipokea kwa heshima zote, akanikalisha mbele ya mstari wa miti iliyo kando ya njia, imepunguzwa vizuri. Nikaomba choo. Huko nyuma miti yake ilikuwa imeachwa vile vile, imelemewa. Nilirudi, nikafungua mdomo nimkaripie, yakatoka maneno mengine kabisa: "Mzee, umeanza vizuri. Iache hivyo hivyo." Papo hapo nililiona lile pama likigonga tawi.

Bwana Ambwene alijua. Jumbe alikuwa karibu, angemwita atulazimishe siku ile ile. Badala yake alimwachia mama nusu ya mti ajionee mwenyewe.

Likizo iliyofuata nilimweleza mama, naye alikuwa ameshazeeka, akipukuchua maharage mlangoni. Mikono yake ilisimama.

"Na mimi nilimcheka," alisema.

Kisha akaniuliza kama Tukuyu, kwao Bwana Ambwene, mafyulisi yanakubali, akaingia ndani, akatoka na makokwa sita ameyafunga kwenye kitambaa.